Utelezi wa Luano

Mgeni ajaye Lubumbashi kwa ndege huikanyaga kwanza ardhi ya Luano. Uwanja huo wa ndege uko upande wa kaskazini-mashariki ya mji, juu ya uwanda ulioinuka karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, nao ukapewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Ukitoka uwanjani na kuupa mji kisogo, hukawii kuingia katika msitu wa miyombo, na katikati ya miti vimesimama vichuguu vya mchwa ambavyo mtu asiyevizoea hudhani ni vilima. Vingine vyapita urefu wa nyumba. Watu huvichimba wapate udongo laini wa kufyatulia matofali, na wakati wa mvua huota penye vichuguu uyoga mkubwa wa ajabu, ambao akina mama huuuza kando ya njia, wakiwa wamejifunika nailoni kichwani.

Jina la Luano lina huzuni yake pia. Hapa ndipo aliposhushwa Patrice Lumumba pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, tarehe 17 Januari 1961, na usiku uleule wakauawa porini, upande wa njia iendayo Likasi. Wazee wetu wangali wakilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini. Nami kila nikisimama pale kumngoja mgeni hulikumbuka. Lakini habari ninayotaka kuwasimulia leo ni nyingine, ni habari ya njia, na ya kiburi changu mwenyewe.

Desemba ya mwaka uliopita nilikwenda Luano kumpokea mdogo wangu, aliyekaa Ubelgiji miaka tisa bila kurudi. Mama yetu alikuwa mgonjwa kijijini, naye aliomba amwone mtoto wake. Kwa hiyo hatukuingia mjini hata kidogo. Tulipakia masanduku na dawa, tukashika moja kwa moja njia ya udongo iendayo kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Huku kwetu mvua huanza kushika mwezi wa Novemba, na haituachi mpaka Aprili. Na Desemba ndiyo moyo wake.

Motokaa ilikuwa ya mjomba, Land Cruiser ya zamani, ambayo injini yake yaweza kuyavuta magurudumu yote manne kwa kusukuma kijiti kidogo kilicho kando ya gia. Sisi huku kila motokaa ya namna hiyo huiita jeep, hata kama haikutengenezwa na watu wa jina hilo. Mjomba aliniazima kwa heshima ya dada yake, nami nilikaa nyuma ya usukani kama mtu aliyepewa kiti cha chifu. Mdogo wangu hakupanda upesi. Aliizunguka motokaa, akainama, akapitisha kidole katika mipira yake mmoja mmoja.

Akasema: “Yaya, mipira hii meno yake yamekwisha.” (Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa huku Katanga.)

Nikamjibu: “Wewe panda tu. Hii ni magurudumu manne. Haiogopi njia.”

Naye, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akanyamaza, akapanda.

Mwendo wa kwanza ulikuwa mzuri. Tulipita mahali ambapo teksi mbili zilikuwa zimekwama katika tope, na wenyewe wamevua viatu wanasukuma. Sisi tukapita kando yao bila hata injini kuguna. Nilimtazama mdogo wangu nione kama ametambua. Nikaongeza mwendo. Juu ya udongo ule mwekundu, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, mvua ilikuwa imetandika utando mwembamba unaong'aa, laini kama sabuni. Nami sikuuona kuwa ni hatari, kwa sababu motokaa haikunionyesha dalili yoyote. Nadhani tulikuwa katika kilomita 60 kwa saa tulipofika penye mteremko uendao kwenye kijito.

Chini kabisa, katikati ya njia, palikuwa na mtu anasukuma baiskeli iliyopakiwa magunia ya makala. Ninyi mkaao Lubumbashi mwawajua watu hao. Hutoka porini usiku, hutembea kilomita nyingi, na mzigo wao ni mkubwa hata mwenye kuusukuma haonekani ukimtazama kutoka nyuma; yaonekana kama magunia yanakwenda yenyewe. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Magurudumu yalisimama palepale. Motokaa haikusimama. Iliendelea kushuka kimya, bila mlio, upande wake ukianza kutangulia, kama mtumbwi uliokatika kamba. Nikazungusha usukani kulia, haukusikia. Nikauzungusha kushoto, haukusikia. Mguu wangu ulikuwa bado umekandamiza breki, kwa maana ndivyo mwili wa binadamu unavyofanya.

Mdogo wangu akapiga kelele: “Achia breki, Yaya! Achia!”

Sijui kama nilimtii kwa akili au kwa kushtuka. Niliondoa mguu. Mara magurudumu yakaanza kuviringika tena, na usukani, ambao nilikuwa nimeukata tayari upande wa kushoto, ukashika. Tukatoka njiani, tukapita katika majani, tukajikita ubavuni mwa kichuguu. Yule mtu wa makala alikuwa amejitupa upande wa pili. Baiskeli ililala chini, gunia moja limepasuka. Yeye mwenyewe hakuumia. Alisimama akapangusa magoti, akatutazama, wala hakutukana. Alisema neno moja ambalo hata leo lanijia usiku:

“Nilisikia motokaa inakuja, baba. Nikafikiri itasimama.”

Tulimlipa gunia lake, tukamsaidia kufunga mzigo. Kisha, kabla hatujaichimbua motokaa, mdogo wangu aliketi juu ya jiwe, akaniambia mambo ambayo ilipasa niyasikie kule Luano.

Kazi yake Ubelgiji ni kupeleka mikate alfajiri katika vijiji vilivyo karibu na Botrange, mahali palipo juu kuliko pote katika nchi ile. Msicheke, ndugu wasomaji: mahali pao pa juu kuliko pote ni mita 694 tu, na sisi tunaotembea Luano tumewapita kwa mita mia sita hivi! Lakini wao wako digrii 50 kaskazini ya ikweta, na sisi hatufiki digrii 12 kusini yake, ndiyo maana wao wana barafu barabarani na sisi hatuna. Baridi yetu ya Juni na Julai huenda ikayapaka sakitu nyeupe majani ya mabondeni, lakini jua likichomoza tu, imekwisha. Kule maji ya barabara hugeuka kuwa kioo, na watu wanapaswa kwenda kazini juu ya kioo hicho.

Akasema kwamba majira ya baridi ya kwanza alikuwa na motokaa ndogo, akaogopa, akaenda polepole, hakupatwa na jambo. Mwaka wa pili bwana wake alimpa motokaa ya magurudumu manne yenye kuvuta, na mwaka huo ndipo alipoangukia mtaroni mara mbili.

Nikamwuliza: “Yawezekanaje? Si ndiyo yenye nguvu zaidi?”

Akanieleza hivi. Injini inapoyavuta magurudumu mawili tu, hayo mawili yana kazi kubwa, na penye utelezi huzunguka bure. Injini ikigawa nguvu yake kwa magurudumu manne, kila moja lapewa kazi ndogo, kwa hiyo motokaa huondoka vema na kupanda kilima vema. Huo ndio msaada wake, nao ni msaada wa kweli. Lakini kusimama ni jambo jingine. Breki za kila motokaa, hata ile teksi ndogo tuliyoicheka, ziko tangu zamani katika magurudumu yote manne. Basi katika kusimama jeep haina hata kitu kimoja ilichoizidi teksi. Na katika kona vilevile: kinachoizuia motokaa isitupwe nje ya njia si injini, ni ile mipira minne inayogusa ardhi, kila mmoja mahali padogo kama kiganja cha mkono. Kiganja hicho kikiwa juu ya barafu, au juu ya utando wa udongo uliolowa, hakina cha kushika.

Kuna na hila nyingine. Motokaa ya magurudumu mawili humwonya mwenyewe. Akitaka kuondoka, gurudumu lazunguka bure, naye ajua njia ni mbaya, hivyo huenda pole. Ile ya magurudumu manne huondoka kimya, huenda kama njia ni kavu, na dereva hajui hali ya njia mpaka siku anapotaka kusimama. Yule mwenye teksi aliyevua viatu alijua utelezi kuliko mimi.

Niliporudi shuleni nilipiga hesabu na wanafunzi wa darasa la mwisho, nao waliipenda kwa kuwa ilikuwa ya kweli. Motokaa iendayo kilomita 60 kwa saa, katika lami kavu, tangu breki kushika mpaka kusimama huhitaji karibu mita 20. Juu ya barafu, ambapo mshiko wa mpira ni kama sehemu moja tu katika saba ya ule wa lami kavu, yahitaji karibu mita 140, yaani kupita uwanja mzima wa mpira na kuendelea. Juu ya udongo uliolowa mambo yako katikati. Kwa kukadiria tuliona mita 50 na zaidi, na penye mteremko ongeza tena. Na kabla breki haijashika kuna sekunde moja ya kushtuka, ambayo ndani yake motokaa imekwisha kula karibu mita 17. Mwanafunzi mmoja aliuliza, je, tukipunguza mwendo nusu? Tukapiga tena: kwa kilomita 30, barafu yahitaji mita 35. Mwendo ukipungua nusu, umbali hupungua robo tatu. Hesabu hiyo hiyo yahusu jeep na teksi na gari la mizigo. Haiulizi ni magurudumu mangapi yanayovutwa.

Hata hivyo, mwanakatanga asidhani kwamba barafu ni mambo ya Ulaya tu. Shaba yetu husafiri kwa barabara, na magari mengi hupita mpaka wa Kasumbalesa, huvuka Zambia, huendelea mpaka bandari ya Durban katika Afrika ya Kusini. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 theluji nyingi ilianguka juu ya njia kuu ya N3, iendayo Durban, upande wa Warden, Harrismith na mlima wa Van Reenen. Njia ikafungwa, na watu wengi wakalala usiku ndani ya motokaa zao katika baridi kali; hata mtu alifariki. Binamu yetu mmoja, dereva wa magari makubwa, alikuwa huko. Anasimulia kwamba alipoona njia inageuka nyeupe, aliegesha gari lake mahali tambarare, akajifunika mablanketi mawili, akangoja. Motokaa za fahari za magurudumu manne zilimpita kwa kasi, wenyewe wakimtazama kwa huruma. Njia ilipofunguliwa aliwakuta baadhi yao wamelala mtaroni. Yeye huisimulia habari hiyo kila akipata wasikilizaji, nasi twamwacha, kwa kuwa amestahili.

Haya ndiyo mdogo wangu aliyonifundisha, nami nayaandika kwa ajili ya wenye kushika usukani, na kwa vijana ambao wataushika kesho, huku au ng'ambo.

Kwanza mipira. Wazungu wana mipira ya majira ya baridi, ambayo mpira wake hubaki laini hata katika baridi kali, nayo ina mikato mingi midogo ya kuuma theluji. Motokaa nyingi za mitumba zitokazo Japani hufika kwetu zikiwa bado zimevaa mipira hiyo. Wenye kununua huifurahia kwa kuwa yaonekana mipya, lakini katika lami yetu ya moto huisha upesi, na kwa kuwa ni laini haishiki vema. Kwa tope letu chagua mipira yenye meno mapana yaliyoachana, na meno yakiisha, usibishane nayo.

Pili, kile kijiti cha magurudumu manne kisukumwe kabla ya kuingia katika utelezi, wala si baada ya kukwama. Lakini katika lami kavu kirudishwe, maana katika motokaa za namna ya ile ya mjomba magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kwenda sawasawa, na penye kona katika lami kavu vyuma hujikaza mpaka vikavunjika.

Tatu, kila kitu kifanyike polepole, kama mtu abebaye maziwa katika bakuli lililojaa. Ondoka kwa gia ya pili, usikanyage mafuta kwa ghafula. Kabla ya mteremko, ungali juu, chagua gia ya chini, uiache injini yenyewe imzuie mnyama. Ukisubiri mpaka umo mteremkoni, umechelewa. Kati yako na aliye mbele acha nafasi ambayo wenye haraka watakucheka kwayo.

Ikiwa motokaa imekwisha kuteleza, toa mguu katika mafuta, tazama mahali unapotaka kwenda wala si mahali unapoogopa kwenda, uelekeze usukani huko kwa upole. Motokaa za siku hizi nyingi zina breki zenye chombo kinachozuia magurudumu yasifungike; katika hizo kanyaga kwa nguvu na usiachie, hata ukisikia breki inatetemeka chini ya mguu, maana ndiyo kazi yake. Zile za zamani hazina, nazo zataka mguu unaokanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Dereva ajue kabla ya safari amepanda ya namna gani. Mimi sikujua, au tuseme sikujiuliza.

Na katika nchi za baridi wajihadhari zaidi na madaraja, kwa kuwa upepo hupita chini yake pia, nayo huganda kabla ya barabara. Na wajihadhari na ile barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo mtu hudhani ni maji tu. Ajabu ni kwamba barafu iliyo karibu kuyeyuka huteleza kuliko ile ya baridi kali sana. Nilipoyasikia hayo niliukumbuka ule utando wa Luano: tope zito humkwamisha mtu, lakini ni ule mwembamba, wenye kung'aa, ndio umpelekao asikotaka.

Basi tuliichimbua motokaa, nami nikampa mdogo wangu usukani. Sikujisikia vizuri, nakiri; mkubwa hukaa upande wa abiria kwa shida. Alikwenda kilomita 20 kwa saa, pengine chini ya hapo. Penye kijito alisimama, akavua viatu vyake vya Ulaya, akaingia majini kwa miguu kupima kina na kutafuta kama chini pana mawe, ndipo akavuka. Mvua ilianza tena, akasema tungoje ipungue, tukangoja chini ya mti karibu saa nzima, tukila uyoga wa kuchoma tulionunua kwa mama mmoja. Mambo ya miaka tisa tuliyaongea katika saa ile. Tulifika kijijini jua limekwisha kuzama. Mama alikuwa ameketi mlangoni, amefunikwa kitenge, amekataa kulazwa mpaka tufike. Hakuuliza kwa nini tumechelewa. Alimshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili.

Tulikaa huko siku sita, na mama akapata nafuu kidogo. Siku ya kurudi Luano nilishika usukani mimi, kwa ruhusa ya mdogo wangu. Mvua ilikuwa imenyesha tena. Juu ya ule mteremko niliingiza gia ya kwanza, motokaa ikashuka taratibu kama mzee ashukaye ngazi. Na chini, palepale, nikamwona mtu wa makala na baiskeli yake, ndiye yuleyule. Naye alituona. Nilikuwa bado mbali sana, nami nilikuwa nimekwisha kusimama kabisa ili yeye apite kwanza. Nikatoa mkono dirishani kumkaribisha apite. Hakupita. Aliisukuma baiskeli yake nje ya njia, akaingia nayo ndani ya majani mpaka nyuma ya kile kichuguu, akasimama huko na mzigo wake akitungoja tupite. Nilipomtazama katika kioo, tukiwa tumekwisha kupanda upande wa pili, alikuwa bado hajatoka.